Wageni Wameondoka, Bunduki Hazijanyamaza

Septemba 2025 wapiganaji wa JNIM, kundi linalofungamana na al-Qaeda, walianza kuchoma malori ya mafuta yanayoingia Mali kutoka Senegal na Ivory Coast. Mali haina bahari, hivyo petroli ya Bamako hupita barabarani, na barabara ndizo zilizokuwa zimeshikwa. Oktoba ilipokaribia kwisha, uhaba ulikuwa umefikia mahali serikali ikafunga shule na vyuo kwa wiki mbili. Hapo ubishi wa zamani ukafufuka. Wapo waliocheka: si mlituambia jeshi la Ufaransa ndilo linalozaa ugaidi? Limeondoka Mali tangu Agosti 2022, Burkina Faso tangu Februari 2023, Niger tangu Desemba 2023, na hali ndiyo hiyo. Wengine wakajibu kwamba Ufaransa imetoka kwa mlango wa mbele tu ikarudi kwa wa nyuma, na kwamba bila mkono wake wa siri mambo haya yasingetokea.

Kambi hizi mbili zinatukanana, lakini bila kujua zimekubaliana jambo moja: kwamba habari nzima ya ugaidi ni habari ya mgeni, ama yupo au hayupo. Nadhani hapo ndipo zote mbili zilipopotea njia. Sera za nje za mataifa makubwa zina mchango katika ugaidi, tena mkubwa kuliko viongozi wao wanavyopenda kukiri. Ila mara nyingi mchango huo haumfikii kijana moja kwa moja kutoka Paris, Washington au Moscow. Humfikia kupitia askari wa nchi yake mwenyewe, ambaye mgeni huyo amempa silaha na kumsitiri. Anayeamini kuwa mgeni ndiye kila kitu hatamwona huyo askari. Anayeamini kuwa mgeni si kitu hatauliza ni nani anayemkinga huyo askari asifikishwe mahakamani.

Dhana kwamba ugaidi ni jibu kwa sera za nje ilitolewa kwanza na magaidi wenyewe. Osama bin Laden alipotangaza vita dhidi ya Wamarekani mwaka 1996, hoja yake kuu ilikuwa wanajeshi wa Marekani waliobaki Saudi Arabia baada ya Vita vya Ghuba. Tamko lake la Februari 1998 likaongeza vikwazo dhidi ya Iraq na suala la Palestina. Wasomi nao wakaja na hesabu zao. Robert Pape wa Chuo Kikuu cha Chicago alikusanya mashambulizi 315 ya kujitoa mhanga yaliyofanyika kati ya 1980 na 2003, akakuta kwamba karibu yote yalikuwa sehemu ya kampeni zilizopangwa, na kwamba uzi uliozifunga pamoja ulikuwa nia ya kuzilazimisha nchi za kidemokrasia kuondoa majeshi katika ardhi ambayo wapiganaji waliiona kuwa yao. Kundi lililoongoza katika orodha yake halikuwa la Kiislamu hata kidogo: lilikuwa Tamil Tigers wa Sri Lanka. Ukiongeza yaliyotokea Beirut, picha inaonekana kukamilika. Oktoba 1983 malori ya mabomu yaliua wanajeshi 241 wa Marekani na 58 wa Ufaransa. Miezi michache baadaye Wamarekani walikuwa wamefunga virago. Walioshambulia walitaka mgeni aondoke, naye akaondoka.

Hata maofisa wa mataifa husika wamekiri. London iliposhambuliwa Julai 2005 na watu 52 kuuawa, mmoja wa washambuliaji alikuwa ameacha video inayozilaumu serikali za Magharibi kwa mateso ya Waislamu. Tony Blair, waziri mkuu wa wakati huo, alikataa katakata kuihusisha Iraq. Miaka mitano baadaye, Eliza Manningham-Buller, aliyekuwa mkuu wa MI5, shirika la usalama wa ndani la Uingereza, wakati wa shambulio lile, aliiambia tume ya uchunguzi wa vita vya Iraq kwamba uvamizi wa Iraq uliwatia itikadi kali vijana wa Uingereza na kuongeza tishio. Alikuwa mtu aliyesoma mafaili hayo kila siku, na ni vigumu kumwita mtetezi wa magaidi.

Ndiyo maana hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile ya George W. Bush mbele ya Bunge la Marekani, Septemba 20, 2001: kwamba wanatuchukia kwa sababu ya uhuru wetu. Bin Laden mwenyewe aliijibu kwa kejeli mwaka 2004, akiuliza kwa nini basi hajaishambulia Sweden. Binamu ya hoja hiyo ni ile inayosema kwamba kutafuta sababu za ugaidi ni kuutetea. Hii nayo haisimami. Daktari anayetafuta chanzo cha kipindupindu hashukiwi kukipenda, na polisi anayeuliza nia ya muuaji hadhaniwi kuwa wakili wake. Kinachowatisha viongozi katika swali la “kwa nini” si heshima ya marehemu. Ni uwezekano kwamba sehemu ya jibu itakutwa kwenye kabati la wizara yao.

Lakini kuiangusha hoja dhaifu hakuipi ushindi ile ya upande wa pili, na kejeli ya bin Laden imezeeka vibaya. Stockholm ilipigwa Desemba 2010 na tena Aprili 2017, mara ya pili watu watano wakapoteza maisha. Mtetezi wa dhana ya sera za nje atasema Sweden ilikuwa imepeleka wanajeshi Afghanistan, na kweli mshambuliaji wa 2010 aliwataja. Alivitaja pia vibonzo vya msanii mmoja vilivyomkejeli Mtume Muhammad. Sasa kipi kilikuwa sababu, na kipi kilikuwa kisingizio kilichopatikana karibu? Ukitafuta vizuri, kila nchi duniani imefanya jambo ambalo mtu fulani anaweza kulitaja kwenye video kabla ya kuua.

Tuangalie mfuatano wa matukio, kwa sababu sababu haiwezi kuja nyuma ya matokeo yake. Kaskazini mwa Mali ilianguka mikononi mwa kundi la jihadi la Ansar Dine na washirika wake mwaka 2012. Wanajeshi wa Ufaransa walifika kupigana nao Januari 2013. Msumbiji ni wazi zaidi. Mashambulizi ya Cabo Delgado yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC yaliingia 2021. Kwa miaka karibu minne watu walikatwa vichwa pasipo jeshi la kigeni la kulijibu. Mgeni aliyekuwepo tangu mwanzo ni kampuni za gesi, na malalamiko juu ya gesi yapo na yana uzito, lakini wale waliokatwa vichwa walikuwa wavuvi na wakulima ambao gesi hiyo haijawapa hata senti.

Halafu tuangalie kinachotokea mgeni akiondoka. Marekani ilitangaza mwishoni mwa Aprili 2003 kuwa inaondoa majeshi yake Saudi Arabia, jambo lile lile bin Laden alilolidai. Wiki mbili baadaye, Mei 12, mabomu yaliua zaidi ya watu 30 Riyadh, na wimbi la mashambulizi likaendelea kwa miaka. Somalia inafundisha zaidi, maana inaonyesha nusu mbili za ukweli katika nchi moja. Ethiopia ilipovamia Desemba 2006 kuwang'oa viongozi wa Umoja wa Mahakama za Kiislamu, al-Shabaab lilikuwa tawi dogo la vijana ndani ya umoja huo. Uvamizi ule ukalipa hoja ambayo kila Msomali aliielewa bila kufafanuliwa: adui wa jadi yuko Mogadishu. Kundi likavimba. Hapa dhana ya sera za nje iko sahihi, na asiyekubali anajidanganya. Ila Januari 2009 Waethiopia walitoka, na mwezi huo huo Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa kiongozi wa Mahakama zenyewe, akachaguliwa rais. Madai mawili makubwa yalikuwa yametimia. Al-Shabaab ikamgeukia yeye. Desemba mwaka huo bomu lililipuka kwenye mahafali ya wanafunzi wa udaktari na kuua mawaziri, wahitimu na wazazi. Oktoba 2017 lori la mabomu liliua zaidi ya watu 500 Mogadishu, karibu wote Wasomali. Tangu 2007 kulikuwa pia na majeshi mengine ya kigeni Somalia, ya Umoja wa Afrika, na mtetezi wa dhana atayataja. Atayataja, lakini itabidi aeleze pia kwa nini hasira dhidi ya mgeni inamaliziwa kwa mwenyeji anayesubiri basi.

Swali la nani anayekufa ndilo linaloisumbua dhana hii kuliko yote. Agosti 7, 1998 al-Qaeda ililipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Waliouawa walikuwa 224. Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12. Kenya na Tanzania hazikuwa zimekalia ardhi ya Mwarabu yeyote, wala hazikuwa zimeiwekea Iraq kikwazo kwa matakwa yao. Aliyeua pale alikuwa na malalamiko dhidi ya mtu mmoja, akawafukia wengine mia mbili chini ya vifusi. Afghanistan baada ya Wamarekani kuondoka Agosti 2021 ilikuwa hivyo hivyo. Taliban, waliopigana kutaka wageni watoke na wao watawale, waliacha kutega mabomu kwa sababu walipata walichokitaka. Tawi la Dola la Kiislamu nchini humo liliendelea, na Oktoba mwaka huo likailipua misikiti ya Mashia Kunduz na Kandahar siku ya Ijumaa. Mashia wale walikuwa wamekalia ardhi ya nani?

Wapo wanaokwepa ugumu huu kwa kuongeza neno moja: kuhisi. Hawasemi tena ukandamizaji, wanasema hisia ya kukandamizwa. Nalielewa lengo lao, maana binadamu hutenda kwa kile anachoamini. Lakini neno hilo linaeleza kila kitu, na kwa hiyo halielezi lolote. Mtu aliyeua watu 77 Norway Julai 2011 alihisi kwamba Ulaya imevamiwa. Aliyeua waumini 51 misikitini Christchurch, New Zealand, Machi 2019 aliandika kwamba watu wa rangi yake wanafutwa duniani. Wote wawili walikuwa wa kundi lenye wingi na lenye nguvu katika nchi walizoshambulia. Hakuna aliyependekeza kwamba tuketi tuone ni sera gani ya nchi za Kiislamu iliyowafikisha pale, na ilikuwa sahihi kutopendekeza. Kipimo kiwe kimoja basi. Dhuluma inayodaiwa ichunguzwe kama ipo, kwa ushahidi, na ikiwepo isemwe. Hisia ya muuaji peke yake haitoshi kuwa ushahidi wa dhuluma, awe ameswali Ijumaa au awe hajawahi kuswali maishani.

Kinachotuchanganya ni kwamba tumefunga maswali matatu katika kifurushi kimoja. Kwa nini jamii fulani inawahurumia au kuwavumilia wapiganaji? Kwa nini kijana huyu, miongoni mwa elfu walioumia vivyo hivyo, akachukua bunduki? Na kwa nini kundi lililomchukua limeamua kuua raia? Sera za nje hujibu vizuri swali la kwanza, nusunusu swali la pili, na swali la tatu karibu hazilijibu kabisa.

Swali la pili lina utafiti unaostahili kusomwa na kila waziri wa ulinzi. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na watu waliojiunga na makundi haya barani Afrika. Kati ya 495 waliojiunga kwa hiari, asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Serikali yao wenyewe, yenye bendera wanayoijua tangu shule. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Boko Haram waliuvaa ukatili wao wa baadaye baada ya kiongozi wao, Mohammed Yusuf, kuuawa mikononi mwa polisi Maiduguri Julai 2009, wakati Nigeria haikuwa na jeshi la kigeni hata moja. Ireland Kaskazini, ambako ni vigumu kukubaliana hata nani mgeni na nani mwenyeji, ilishuhudia jambo hilo hilo: Agosti 1971 serikali ilianza kuwafunga watu bila mashtaka, Januari 1972 askari wakawapiga risasi waandamanaji Derry na kuua 13 siku hiyo, na mwaka huo ukawa wa damu nyingi kuliko yote katika mgogoro ule, zaidi ya watu 470 wakifa. IRA, kundi lililopigana kuing'oa Uingereza pale, halikuhitaji kutafuta wanachama. Waliletewa.

Rudi sasa Mali na Burkina Faso. Katika siku tano za mwisho wa Machi 2022, jeshi la Mali na wapiganaji wa kigeni, ambao serikali nyingi zimewataja kuwa mamluki wa Wagner wa Urusi, waliingia kijiji cha Moura siku ya soko. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Mei 2023 ilisema watu wasiopungua 500 waliuawa. Februari 25, 2024, kwa mujibu wa Human Rights Watch, jeshi la Burkina Faso liliwaua raia 223 katika vijiji vya Nondin na Soro kwa siku moja, likiwatuhumu kushirikiana na wapiganaji. Falsafa yake ni ile ya samaki mmoja akioza wote wameoza, na samaki anayetajwa mara nyingi ni Mfulani, mtu wa jamii ya wafugaji wa eneo hilo. Amadou Koufa, mmoja wa waasisi wa JNIM, amekuwa akiwahubiria Wafulani kwa miaka kwamba dola inawawinda. Hahitaji tena Ufaransa kwenye hotuba yake. Wafaransa wangebaki wangekuwa mtaji kwake. Walipoondoka, mtaji mwingine ulikuwa umeshaletwa.

Na mgeni ameenda wapi katika haya yote? Hapa ndipo wanaocheka na kusema “si mliona haikuwa Ufaransa” wanaponichosha. NATO ilipowasaidia waasi wa Libya kumwangusha Gaddafi mwaka 2011, silaha za Gaddafi zilivuka jangwa hadi kaskazini mwa Mali. Hakuna aliyelazimika kuchukia chochote. Bunduki zilifika tu, kwa bei nafuu. Iraq nayo: Mei 2003 utawala wa Wamarekani ulivunja jeshi la nchi hiyo na kuwarudisha nyumbani maelfu ya wanaume wanaojua silaha, bila mshahara. Ila Dola la Kiislamu liliiteka Mosul Juni 2014, miaka miwili na nusu baada ya Wamarekani kuondoka. Katikati hapo ilikuwepo serikali ya Nouri al-Maliki, iliyopewa silaha na Washington, ambayo Aprili 2013 ilipeleka askari kwenye kambi ya waandamanaji wa Kisunni Hawija na kuua makumi. Ukiiondoa Marekani katika simulizi hii, haieleweki. Ukimwondoa al-Maliki, haieleweki pia. Na Moura? Baraza la Usalama lilipotaka kutoa tamko la kutaka uchunguzi Aprili 2022, Urusi ilizuia. Agosti 2023 Urusi ikapiga kura ya turufu kuzima vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Mali, na pamoja navyo jopo la wataalamu lililokuwa likiandika ripoti kuhusu ukatili kama ule. Hiyo ni sera ya nje. Haikutupa bomu hata moja, lakini imemhakikishia askari wa Moura kwamba hataulizwa.

Swali la tatu, la kwa nini kuua raia, ndilo ambalo makundi yenyewe hayapendi liulizwe, kwa sababu jibu lake ni uamuzi wao. ANC ya Afrika Kusini ilipigana na ubaguzi wa rangi, moja ya mifumo katili zaidi ya karne ya 20. Umkhonto we Sizwe, tawi lake la kijeshi, ilipoanza Desemba 1961 ilichagua kuhujumu mitambo ya umeme na ofisi, ikijitahidi kutoua. Baadaye ikateleza: bomu la Church Street, Pretoria, Mei 1983 liliua watu 19, wakiwemo raia, na Tume ya Ukweli na Maridhiano haikulinyamazia. Lakini mwaka 1980 uongozi wa ANC ulikuwa umetangaza kwamba utazifuata kanuni za Mikataba ya Geneva. Walikuwa na ukandamizaji halisi, uliopimika, na washirika wa kigeni wa dhalimu wao walijulikana kwa majina. Bado walichora mstari, na walipouvuka walijua wameuvuka. Mwaka 2024, Agosti 24, JNIM iliwamiminia risasi mamia ya watu Barsalogho, Burkina Faso, wengi wao raia walioamriwa na jeshi kwenda kuchimba handaki la kuulinda mji. Jeshi liliwaweka wazi mbele ya bunduki, na wenye bunduki wakachagua kufyatua. Kila upande una deni lake pale, na deni la mmoja halilipi la mwingine.

Kwa hiyo serikali inayofukuza kambi ya kigeni na kudhani imeshamaliza kazi ya usalama imefanya nusu iliyo rahisi, ile inayopigiwa makofi uwanjani. Nusu ngumu ni kumpeleka mahakamani ofisa aliyeongoza askari kijijini, hadharani, majina yatajwe na familia zisikilizwe. Vivyo hivyo taifa linalotoa silaha na mafunzo lingepaswa kuhesabu kila mauaji ya aina ya Moura kama hasara ya kijeshi, kwenye jedwali lile lile la magari yaliyoungua na askari waliokufa, kwa sababu kila moja linaongeza idadi ya adui. Hadi ninapoandika, sijaona kiongozi wa kijeshi yeyote Bamako akihukumiwa kwa yaliyotokea siku zile tano. Mwishoni mwa 2025 malori ya mafuta yalikuwa yakisindikizwa na jeshi, na baadhi ya barabara yalizopita zinakatiza katikati ya vijiji vya Wafulani.